Usiseme kipato cha mzee kimezidi kabla hujatoa gharama za matunzo

Kuna sentensi moja imenichosha. Naisikia kwa watoto wa wazee, kwa wajane, hata kwa watunzaji wa majumbani kule Marekani, ambao wengi ni wenzetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo: "Mzee alikuwa jeshini kweli, lakini Social Security yake ni kubwa, VA hawatampa kitu." (VA ni idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliokuwa wanajeshi; Social Security ni malipo ya uzeeni ya serikali.) Familia inaendelea kumaliza akiba kulipia matunzo, na dai halijaandikwa hata mstari mmoja.

Nazungumzia pensheni ya VA pamoja na nyongeza yake, Aid and Attendance, ya anayehitaji kusaidiwa na mtu mwingine katika shughuli za kila siku. Fidia ya ulemavu ni kitu kingine. Fidia huuliza kama jeshi ndilo lililokuumiza. Pensheni haiulizi hilo, wala haiulizi kama ulifyatua risasi. Inataka utumishi wa wakati wa vita, umri wa miaka 65 au ulemavu kamili wa kudumu, kipato na mali visivyovuka kikomo, na kuachishwa jeshi kusikokuwa kwa fedheha. Mpishi wa kambi ya Texas mwaka 1969 anahesabika, kwa sababu kipindi cha Vietnam, kwa waliobaki nje ya Vietnam, ni tarehe 5 Agosti 1964 hadi 7 Mei 1975. Korea ni 27 Juni 1950 hadi 31 Januari 1955. Kipindi cha Ghuba kilianza 2 Agosti 1990 na hakijafungwa mpaka leo. Siku moja ndani ya kipindi inatosha ikiwa jumla ya utumishi ni siku 90. Walioingia baada ya 7 Septemba 1980 kwa kawaida hutakiwa wawe wametumikia miezi 24.

Sasa turudi kwenye kipato, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa bure. VA hawatazami kipato kama kinavyoingia benki. Wanatoa kwanza gharama za matibabu na matunzo ambazo mzee analipa mwenyewe bila kurudishiwa. Hawazitoi zote, sehemu ya mwanzo, asilimia 5 ya kiwango cha msingi cha pensheni, haihesabiwi.

Tufanye hesabu kwa viwango vya mwaka ulioanza 1 Desemba 2024 (hubadilika kila Desemba, kwa hiyo angalia vya sasa). Mzee asiye na mke wala mtegemezi: kiwango cha msingi kilikuwa dola 16,965 kwa mwaka, akiwa na Aid and Attendance kilikuwa 28,300. Anapokea dola 3,200 kwa mwezi, yaani 38,400 kwa mwaka. Ukiishia hapo utasema amezidi. Lakini ana mtunzaji wa saa 20 kwa wiki kwa dola 25 kwa saa, ambazo ni 26,000 kwa mwaka. Toa ile 848 isiyohesabiwa, zinabaki 25,152. Kipato chake machoni pa VA ni 13,248. VA hulipa pengo kati ya kipato hicho na kiwango chake: toa hiyo kwenye 28,300, unapata 15,052, ambazo ni dola 1,254 kila mwezi. Mzee huyuhuyu aliyeambiwa amezidi! Na akihamia kituo cha matunzo cha dola 4,500 kwa mwezi, kipato chake kinakuwa sifuri na analipwa 2,358, kiwango kizima.

Kwenye kituo kuwa makini. Kodi ya chumba na chakula huhesabiwa kama gharama ya matunzo pale kituo chenyewe kinapomwogesha, kumvisha, kumlisha au kumlinda. Kama kinakodisha chumba na kupika tu, usitegemee kodi hiyo ikubalike hivihivi.

Madai mengi hukwama kwenye fomu 21-2680, ile anayojaza daktari. Daktari anaandika "kisukari, shinikizo la damu, hali imetulia", anatia sahihi. Hayo ni majina ya magonjwa. Anayeamua dai anatafuta kitu kingine: mzee hawezi kuingia bafuni bila kushikwa, hafungi vifungo vya shati, asipolishwa hali, akiachwa peke yake anawasha jiko na kulisahau. Hilo la kumlinda na hatari za mazingira ndilo linalosahaulika zaidi kwa wenye ugonjwa wa kusahau, wazee wenye miguu imara ambao hawawezi kuachwa hata saa moja. Wewe mtunzaji unayajua haya kuliko daktari anayemwona dakika kumi na tano. Yaandike kwenye karatasi siku kwa siku, mpelekee kabla hajashika kalamu.

Malipo ya mtunzaji yawe na ushahidi: mkataba wenye saa na kiwango, hundi au rekodi ya benki. Hata mtoto wa mzee anaweza kuwa mtunzaji anayelipwa, ila fedha lazima ziwe zimetoka kweli.

Mali: kikomo kilikuwa dola 159,240 kwa mwaka huohuo wa viwango, mali na kipato cha mwaka pamoja. Nyumba anayoishi na gari la familia havimo. Ukigawa mali ili ushuke chini ya kikomo, VA hutazama nyuma miezi 36 na adhabu hufika miaka 5. Medicaid nayo, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa majimbo mengi, hutazama nyuma miaka 5 kwa sheria zake.

Hapa kwenye Medicaid sina ushauri mmoja wa kumpa kila mtu, na simwamini anayedai anao. Mzee asiye na mke wala mtegemezi akiwa kwenye nyumba ya wauguzi inayolipiwa na Medicaid, pensheni yake hushuka hadi dola 90 kwa mwezi. Kwa mwingine bado inafaa kudai sasa alipie matunzo ya nyumbani miaka miwili mitatu. Kwa mwingine ni kuchelewesha tu Medicaid anayoihitaji leo. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuhamisha hata dola moja.

DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi, ikipotea, omba kumbukumbu kwa fomu SF 180. Kwa wa Jeshi la Nchi Kavu wa enzi za Korea ujue moto wa St. Louis, Julai 1973, uliteketeza mafaili mengi ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960, kwa hiyo tafuta na karatasi zilizobaki nyumbani.

Kabla ya yote hayo, wasilisha fomu 21-0966, taarifa ya nia ya kudai. Inashikilia tarehe kwa mwaka mmoja: ukikamilisha fomu ya dai lenyewe, 21P-527EZ, ndani ya muda huo, au 21P-534EZ kwa mjane, malipo huhesabiwa kutokea pale. Kuandaa dai hilo la kwanza hakuna anayeruhusiwa kukutoza. Akikutajia bei, ondoka, nenda kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na VA.