Dhoruba ya jua ikitangazwa, uliza inatua saa ngapi

Rafiki yangu ni sorveya wa barabara. Jioni moja ya mwezi wa Machi alikuwa karibu na Ahero akiwapa watu wa lami vipimo vya usiku, akanipigia simu kama saa mbili na nusu. "Omera, setilaiti zako zimelewa." Kioo cha kipokezi chake cha GPS kilikuwa kimetoka fiksi (hesabu ya setilaiti imekamatika) kikaenda floti (hesabu inayumba), kikarudi fiksi kwa sekunde chache, kikaanguka tena. Mchana mzima kosa lilikuwa sentimita 2. Sasa vipimo viliruka kwa nusu mita, na mtambo wa lami hausubiri mtu. Nikatazama taarifa za hali ya sumaku ya dunia. Shwari. Hakuna dhoruba.

Wiki chache baadaye ikatoka tahadhari ya dhoruba kubwa. Safari hii nikampigia mimi, tena kwa kujiamini, nikamwambia asitoke. Alinisikiliza. Usiku huo anga ikatulia kama maji ya mtungini, naye akapoteza kazi ya usiku mzima. Mpaka leo ananidai.

Kuanzia kama kilomita 60 hadi kupita 1,000 juu yetu, miali mikali ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye hewa. Huko ndiko ayonosfia. Mchana ina tabaka la chini kwenye kilomita 110 hivi, na lingine nono zaidi karibu kilomita 300. Jua likizama, elektroni za chini hurudiana haraka na ayoni zao, yaani chembe zilizong'olewa kwazo, maana hewa kule imesongamana. Za juu hudumu. Kwa hiyo mnamo saa moja na nusu jioni kuna plazima nzito, yaani mchanganyiko wa elektroni na ayoni, inaning'inia juu ya nafasi iliyo karibu tupu, na wakati huo huo uga wa umeme unaoelekea mashariki hupata nguvu kwa muda mfupi na kuisukuma juu zaidi.

Ukitaka kuona kinachofuata, tia mafuta ya kupikia kwenye chupa ya plastiki, ongeza maji, funga kizibo, halafu ipindue ghafla. Maji yanateremka, mafuta yanapanda kwa vidole vyembamba. Angani vidole hivyo ni mapovu: mifuko ya plazima hafifu inayopanda ndani ya plazima nzito, ikichanika kingo zake vipande vidogo na vidogo zaidi. Vinavyosumbua GPS hasa ni vya ukubwa wa mita 400 hivi, kwa kuwa wimbi lake lina urefu wa sentimita 19 na linapita kwenye tabaka lililo mbali kiasi hicho. Simama ufukwe wa Dunga, hapa Kisumu, usiku utazame taa za wavuvi wa omena zinavyokatikakatika juu ya maji yenye viwimbi. Mawimbi ya setilaiti nayo humetameta hivyo hivyo, na kipokezi kikikosa mwanga sekunde moja kinapoteza hesabu yote.

Mapovu haya hayazaliwi kwetu. Wengi wanaijua ikweta ya pale Maseno, penye alama ya kupigia picha, ila ikweta ya sumaku iko mbali kaskazini, inapita Ethiopia. Sisi wa Kisumu tuko karibu digrii 10 kusini mwake. Povu hujinyoosha kufuata mistari ya sumaku, na mistari hiyo imepinda kama upinde. Nimepiga hesabu: ili lituguse kwenye urefu wa kilomita 350, sharti lipande huko Ethiopia hadi kilomita 550 na ushee. Mengi hayafiki. Miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba hufika zaidi, hata bila dhoruba. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa Ahero.

Dhoruba je? Wingu la plazima lililorushwa na jua likigonga ngao ya sumaku ya dunia, uga wa umeme hupenya hadi ikweta katika dakika chache. Ukikuta ni machweo yetu, unaongeza ule msukumo wa juu, na mapovu yanapaa hadi kutufikia na kutupita. Lakini dhoruba hupasha moto hewa ya ncha za dunia pia, na saa kadhaa baadaye pepo zinazotoka huko huzaa uga wa kinyume. Machweo yakiwa chini ya uga huo, tabaka halipandi, povu halizaliwi. Ndipo sorveya wangu alipolala nyumbani bure. Ikifika usiku wa manane uga huo hugeuka tena, na unaweza kuleta mapovu saa tisa za usiku, wakati hakuna anayeyatarajia.

Namba za G1 hadi G5 zinazotangazwa na kila tahadhari ya dhoruba, G5 ikiwa kali kuliko zote, hazisemi lolote kuhusu hilo. Zinapima ukali tu. Mei 10, 2024, ile Ijumaa ya mapumziko tuliyopewa tuomboleze waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti, dhoruba ya kwanza ya G5 tangu Oktoba 2003 ilitua saa mbili na dakika 5 usiku kwa saa zetu. Machweo yetu yalikuwa yameshapita. Wenzetu wa Brazil walikuwa bado mchana, na jua lao lilizama dhoruba ikiwa imepamba moto. Dhoruba moja, machweo mawili tofauti kabisa.

Kwa usiku wa kawaida nina huduma ndogo ninayojivunia. Mapovu husafiri kuelekea mashariki kwa takriban mita 100 kwa sekunde, kwa hiyo yakipita Kisumu nina kama dakika 25 za kumwonya jamaa yangu wa Nakuru. Usiku wa dhoruba huduma imefungwa: pepo zile zinaweza kuyasimamisha, hata kuyarudisha magharibi.

Sorveya naye haniulizi tena dhoruba ni kubwa kiasi gani. Juzi amepiga: "Hiyo yenu inafika kabla ya saa kumi na mbili au baada ya saa tatu?"