Sumakuumeme: sumaku yenye swichi

Sumakuumeme ni sumaku inayopata nguvu pale tu umeme unapopita kwenye waya wake. Umeme ukikatwa, inaachia. Sumaku ya nyuma ya spika haina hiari hiyo. Inavuta usiku na mchana.

Mwaka 1820 mwanafizikia wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira ikigeuka alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu. Kumbe kila waya unaopitisha umeme umezungukwa na uga sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi. Uga wa waya mmoja ulionyooka ni dhaifu. Ukiuviringisha waya uwe koili, uga wa kila mzunguko unajumlika na wa mwenzake. Upande mmoja wa koili unakuwa ncha ya kaskazini, wa pili ncha ya kusini. Geuza betri, na ncha zinabadilishana.

Ila koili tupu bado haina nguvu ya kutisha. Chuma kinachowekwa katikati yake ndicho chenye kazi. Ndani ya chuma mna maeneo madogo sana, kila moja sumaku tosha, lakini yameelekea huku na huku hata yanafutana. Uga wa koili unayapanga yaelekee upande mmoja, na nguvu inapanda mara nyingi. Kwenye chuma laini mpangilio huo unavurugika mara umeme unapokatwa. Feleji, yaani chuma kigumu kama cha misumari, huung'ang'ania, ndiyo maana msumari wa majaribio huweza kuokota pini moja mbili hata betri ikishatolewa.

Ukitaka kujaribu, tumia betri ya volti 1.5 na waya wa shaba wenye vanishi, ule wa kusukia mota, uuviringishe kwenye msumari. Kwangua vanishi kwenye ncha mbili za waya tu. Ukikwangua katikati, mizunguko itagusana na umeme utapita njia ya mkato. Usiunganishe kwa zaidi ya sekunde chache, maana huo ni karibu shoti: waya utachemka na betri itaisha.

Kwenye mashine ya kusaga, ule mlio wa “tak!” mota inapowashwa mara nyingi ni wa kontakta, yaani swichi inayoendeshwa na sumakuumeme. Koili yake inavuta kipande cha chuma, nacho kinafunga njia ya umeme mkubwa wa mota. Umeme wetu wa gridi huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila safari hushuka hadi sifuri mara mbili, kwa hiyo mvuto wa koili hupotea mara 100 kila sekunde, na chuma kingekuwa kinatetemeka tu. Dawa yake ni pete ndogo ya shaba kwenye uso wa chuma: inachelewesha sehemu ya uga, hivyo mvuto hauishi kabisa. Pete ikivunjika, au vumbi likizuia vyuma visikutane sawasawa, kontakta inanguruma. Vyuma visipokutana, koili inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, na haikawii kuungua.