Horacio Casarín: mfungaji aliyelipwa kabla soka ya kulipwa haijaruhusiwa Mexico

Mwaka 1943 Mexico ilianzisha ligi yake ya kwanza ya soka ya kulipwa inayotambuliwa rasmi, ikiwa na timu 10. Wanaosoma historia hiyo juujuu hudhani kwamba kabla ya mwaka huo wachezaji walisakata kabumbu kwa mapenzi tu, bila kupata hata senti. Hapana. Fedha zilikuwa zikitembea miaka mingi, ila zilipitia mlango wa nyuma. Mtu mzuri wa kutuonyesha hali hiyo ni Horacio Casarín, mshambuliaji ambaye maisha yake yaligawanyika kati ya zama hizo mbili.

Alizaliwa Mexico City tarehe 25 Mei 1918. Mwaka 1936, akiwa bado kijana mdogo, aliingia kikosi cha kwanza cha Necaxa. Necaxa ilikuwa timu ya kampuni ya umeme. Iliundwa mwaka 1923 kwa kuunganisha timu ya wafanyakazi wa umeme na ile ya wafanyakazi wa tramu, ikapewa jina la mto ulioko jimbo la Puebla, penye mitambo ya kufua umeme uliokuwa ukimulika mji mkuu. Mashabiki wa Kenya waliowahi kuifuatilia Western Stima hawatashangaa kuona kampuni ya umeme ikimiliki timu. Utaratibu nao ni ule ule uliozoeleka kwetu kwa timu za mashirika: mchezaji anaajiriwa kama mfanyakazi, jina lake linaingia kwenye orodha ya mishahara, na bosi hamuulizi sana anashinda wapi siku za mazoezi. Kwenye karatasi huyo ni mchezaji wa ridhaa. Uwanjani, familia yake inakula kwa sababu ya miguu yake.

Necaxa ya miaka ya 1930 iliitwa Ndugu Kumi na Mmoja, kwa jinsi wachezaji walivyoelewana, na ilitwaa ubingwa mara nne kati ya 1933 na 1938. Lakini mapenzi ya watu kwake hayakutokana na makombe peke yake. Soka ya mji mkuu ilikuwa imejengwa na jumuiya za wageni. Waingereza walitangulia, kisha Wahispania wakashika hatamu kupitia Real Club España na Asturias, klabu zenye fedha, wanachama wafanyabiashara na viwanja vyao wenyewe. Casarín, mtoto wa mjini, akifunga dhidi ya klabu hizo, watu wa majukwaa ya bei nafuu walisherehekea zaidi ya bao.

Ukitaka kujua hisia hizo zilikuwa kali kiasi gani, tazama Jumapili ya tarehe 26 Machi 1939. Necaxa walikuwa wageni wa Asturias kwenye uwanja wa Parque Asturias, uliofunguliwa mwaka 1936 na ambao majukwaa yake yalikuwa ya mbao. Mabeki wa Asturias walimwandama Casarín tangu mapema. Alichezewa rafu baada ya rafu, hadi akaumia vibaya na kutolewa nje. Mashabiki waliokuja kumtazama yeye walibaki na hasira, na maamuzi ya refa yakazidi kuwachochea. Mechi iliisha kwa sare ya 2-2, lakini wakati huo matokeo hayakuwa na maana tena kwa watu wengi. Walianza kuwasha moto jukwaani. Mbao zikashika, na sehemu kubwa ya uwanja ikateketea.

Siku hizi tukio hilo husimuliwa kama ushahidi wa mapenzi makubwa kwa Casarín, na wapo wanaolisimulia kwa fahari. Binafsi naona limepambwa mno. Aliyelipa gharama ya siku ile ni kijana wa miaka 20 aliyeumizwa katika zama ambazo mchezaji hakuwa na mkataba ambao angeweza kuuonyesha mbele ya mtu yeyote. Kama mguu ungekataa kupona, kampuni ingeweza kumtafutia kazi nyingine au isimtafutie. Bahati yake alirudi uwanjani.

Msimu huo huo wa 1938–39 Asturias walikuwa mabingwa, na wa pili wakawa Euzkadi, timu ya Wabaski (watu wa kaskazini mwa Hispania) waliotoka kwao wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Walikuwa wamezunguka Ulaya mwaka 1937 kuitafutia nchi yao msaada, kisha wakavuka bahari hadi Mexico, ambako serikali ya Rais Lázaro Cárdenas ilikuwa upande wa Jamhuri ya Hispania, yaani serikali iliyokuwa ikipigana na waasi katika vita hivyo. Timu hiyo ilipovunjika, baadhi ya wachezaji walibaki Amerika. Isidro Lángara, baada ya kupitia San Lorenzo ya Argentina, alirudi Mexico kuichezea España na kuwa mfungaji bora wa msimu wa kwanza wa ligi ya kulipwa kwa mabao 27. Mastaa wa namna hiyo hawakuja kwa ahadi za mdomo. Klabu zilipoanza kunyang'anyana wachezaji, kusema kwamba soka ya Mexico ni ya ridhaa kukawa kujidanganya mchana kweupe.

Necaxa hawakukubali soka ya kulipwa na walijitoa mwaka 1943. Wakati huo Casarín alikuwa ameshahamia Atlante, timu iliyopendwa na maskini wa Mexico City, na huko alitwaa ubingwa wa msimu wa 1946–47. Umaarufu wake ulishavuka uwanja. Mwaka 1944 aliigiza kwenye filamu ya Joaquín Pardavé, Los hijos de don Venancio, akiwa mtoto mcheza mpira wa mwenye duka Mhispania. Mashabiki walewale waliompenda kwa kuwafunga Wahispania walinunua tiketi kumtazama akiwa mtoto wa mmoja wao.

Kwenye timu ya taifa ndiko alikodhulumiwa na wakati. Aliitwa mwaka 1937, na mwaka uliofuata akawa na kikosi kilichotwaa dhahabu kwenye Michezo ya Amerika ya Kati na Karibiani huko Panama. Baada ya hapo Mexico haikucheza mechi yoyote ya kimataifa hadi 1947. Ilijitoa kwenye kinyang'anyiro cha Kombe la Dunia la 1938, na Vita vya Pili vya Dunia vikafuta makombe ya 1942 na 1946. Hesabu mwenyewe: timu ilipolala alikuwa na miaka 19, ilipoamka alikuwa na 29. Hata hivyo aliifungia Mexico mabao mengi katika mechi chache alizopata.

Kombe la Dunia alilifikia Brazil mwaka 1950, akiwa na miaka 32. Mexico walichapwa 4-0 na wenyeji katika mechi ya ufunguzi Maracanã, kisha 4-1 na Yugoslavia. Mechi ya mwisho ilikuwa Porto Alegre, tarehe 2 Julai, dhidi ya Uswisi. Jezi nyekundu ya Uswisi na ile ya damu ya mzee ya Mexico zilikaribiana mno, ikabidi Mexico waazime jezi za mistari ya buluu na nyeupe kutoka Cruzeiro, klabu ya mjini humo (si ile maarufu ya Belo Horizonte). Walifungwa 2-1. Bao lao la kufutia machozi lilipatikana dakika ya 89, na mfungaji alikuwa Casarín, ndani ya jezi ya kuazima.

Aliendelea kucheza miaka ya 1950, kisha akawa kocha. Alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 86. Ukikutana na orodha za wafungaji bora na mabingwa wa Mexico mtandaoni, angalia zinaanza kuhesabu lini. Nyingi huanzia 1943, kwa hiyo mabao yake yote ya Necaxa hayamo, pamoja na makombe yote manne ya Ndugu Kumi na Mmoja.