Je, wajua kwa nini steringi wa filamu za polisi za Hong Kong huwa pandikizi ndani ya genge?

Kila aliyewahi kukalia benchi la kibanda cha video anaijua kanuni: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mkanda ukiisha yuko wima. Filamu za polisi za Hong Kong, zile zinazozungumzwa Kikantoni, Kichina cha huko, zimekuwa zikiivunja kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka 40, na anayeangukiwa ni mtu yule yule: pandikizi, yaani askari aliyetumwa kuishi na genge akijifanya mhalifu. Anakula nao, anapigana upande wao, na mara nyingi anakufa huku polisi wenzake wakimhesabu jambazi. Ni vigumu kutaja mji mwingine ambao sinema yake imemng'ang'ania mhusika huyu kiasi hicho, na sababu ya kwanza haiko studio. Iko kwenye kitabu cha sheria.

Magenge ya Hong Kong, yanayojulikana kama triadi, hayaandamwi kwa wizi na dawa za kulevya peke yake. Chini ya Sheria ya Vyama ya mji huo, kuwa mwanachama tu ni kosa. Anayetiwa hatiani kwa uanachama mara ya kwanza anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 3 na faini ya hadi dola 100,000 za Hong Kong. Mwenye cheo ndani ya chama anaweza kufungwa hadi miaka 15 na kutozwa hadi dola milioni 1. Kuhudhuria kikao ni kosa. Kukutwa na daftari, mhuri au maandishi ya chama ni kosa. Sheria kali, lakini ina njaa ya shahidi. Nani alisikia kiapo kikitolewa? Nani alimwona mzee akigawa vyeo? Anayebeba mzigo wa heroini ni kijana wa ngazi ya chini, bosi hagusi kitu, na ukimkamata kijana umepata kijana. Kumfikia mkubwa inabidi uwe na mtu wako mezani, tena mtu ambaye hakimu atamwamini.

Mtu huyo Wakantoni humwita ngo dai, yaani anayelala chini kabisa. Ni askari kamili, mwenye namba ya utumishi na mshahara unaolimbikizwa mahali. Asichanganywe na sin yan, "mtu wa uzi", ambaye ni raia au mhalifu anayewauzia polisi habari kipande kwa kipande. Wa uzi akichoka anakata uzi. Ngo dai yuko kwenye amri, haondoki mpaka aitwe. Upande wa pili kuna noi gwai, "mzuka wa ndani", naye ni mtu wa genge aliyepandikizwa ndani ya polisi. Genge nalo likimshuku mwenzao linamwita yi ng jai, "kijana wa 25".

Hiyo 25 ina maana yake. Triadi huhesabu vyeo kwa namba: 489 ni mkuu, 426 ni "fimbo nyekundu" anayeongoza mapigano, 415 ni "upepeo mweupe wa karatasi", mshauri na mwenye hesabu, 432 ni "ndara za majani", mjumbe, na 49 ni mwanachama wa kawaida. Nne mara tisa ni 36, idadi ya viapo anavyokula mwanachama mpya, na adhabu zinatajwa wazi ndani yake, mojawapo kupigwa na radi tano. Ishirini na tano haina cheo. Ni namba ya msaliti.

Sasa tazama shida ya yule askari. Alikwisha kula kiapo cha polisi. Ndani ya genge anakula cha pili, mbele ya uvumba na madhabahu, akiita watu ndugu. Kwa mtazamaji wa Hong Kong hicho cha pili si maigizo matupu. Aliyelelewa kwenye mila za udugu wa kuchanjiana damu ataelewa haraka: maneno ukishayasema mbele ya mashahidi yamekushika, hata kama ulitumwa. Ndani ya vyumba vingi vya wapelelezi wa polisi wa Hong Kong kuna sanamu ya Kwan Dai, jemadari mwenye uso mwekundu anayeheshimiwa kwa uaminifu kwa ndugu zake, na mbele yake huchomwa udi. Magenge humfukizia udi jemadari huyo huyo. Filamu za Kikantoni hupenda kuionyesha sanamu hiyo kwenye ofisi ya polisi, kisha kwenye ghala la genge, bila mtu kusema neno, na anayeijua mila anapata ujumbe wote hapo.

Sababu nyingine ni ya aibu zaidi. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 rushwa ilikuwa imeota mizizi ndani ya polisi wa mji huo, uliokuwa koloni la Uingereza. Mwaka 1973 afisa wa ngazi ya juu, Peter Godber, aliyekuwa akichunguzwa kwa mali ya zaidi ya dola milioni 4.3 za Hong Kong asizoweza kuzieleza, alipanda ndege na kutoroka. Wananchi wakaingia mitaani. Februari 1974 ikaundwa Tume Huru ya Kupambana na Rushwa. Godber alirudishwa mwaka uliofuata, akahukumiwa miaka 4. Mambo hayakuishia hapo. Oktoba 1977 polisi wenye hasira waliandamana dhidi ya Tume na kundi lao likavamia ofisi zake, hadi gavana akalazimika kutoa msamaha kwa makosa mengi yaliyotendwa kabla ya Januari mwaka huo. Kizazi kilichoyaona hayo ndicho kilichoanza kutengeneza filamu miaka michache baadaye. Kwao, swali la nani polisi na nani jambazi halikuwa fumbo la kubuni. Walilikuta sebuleni, kwenye gazeti la jioni.

Mwaka 1981 Alex Cheung alitoa Man on the Brink, na humo umbo la hadithi likasimama: kijana askari anaingizwa kwenye genge, anapoteza mchumba, anapoteza heshima mtaani, na siku anapohitaji kuaminiwa hakuna wa kumwamini. Mwaka 1987 Ringo Lam akaja na City on Fire, ambamo Chow Yun-fat ni pandikizi kati ya wezi wa vito, tayari ameelemewa na rafiki ambaye yeye mwenyewe alimsaliti kwenye kazi iliyotangulia. Miaka mitano baadaye, katika Hard Boiled ya John Woo, pandikizi anayeigizwa na Tony Leung Chiu-wai anapeleka taarifa kituoni kwa kutuma waridi jeupe lenye kadi yenye fumbo la wimbo, na kila anapoua mtu anakunja ndege wa karatasi. Ukimwona anakunja tena, unajua hesabu imeongezeka.

Lakini iliyoikamilisha kazi ni Infernal Affairs, ya Andrew Lau na Alan Mak, iliyotoka Desemba 2002. Sinema ya Hong Kong ilikuwa imechoka: kutoka filamu zaidi ya 200 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya 100. Waandishi wake, Mak na Felix Chong, waliweka mapandikizi wawili kwa mpigo. Chan, anayeigizwa na Tony Leung, ni polisi ndani ya genge la Sam. Lau, anayeigizwa na Andy Lau, ni mtu wa Sam ndani ya polisi.

Tazama usiku wa mzigo wa kokeini. Chan amekaa jirani na bosi wake, anagonga kwa kidole alama za Morse, herufi za milio mifupi na mirefu, na mkuu wake wa polisi anazipokea kwenye kipokea sauti. Ndani ya chumba cha operesheni alimo mkuu huyo, Lau anaona polisi wanakaribia, anamtumia Sam ujumbe kwa simu. Mzigo unatupwa baharini, hakuna anayekamatwa na kitu mkononi, na pande zote mbili zinagundua saa ile ile kwamba kuna nyoka nyumbani. Risasi hazihitajiki. Kila pandikizi amefanya kazi yake vizuri, na kwa kuifanya vizuri amejianika.

Wanaotaka kuelewa ufundi wa filamu hii waangalie bahasha. Sam, akimtafuta msaliti, anaamuru vijana wake wajaze taarifa zao binafsi. Mmoja anakosea herufi ya Kichina. Chan anairekebisha kwa mkono wake juu ya bahasha. Baadaye, mkuu wake akiwa ameshauawa, Chan anakwenda kwenye ofisi ya Lau akidhani amefika kwa mwokozi. Lau anatoka kidogo. Chan anatupa jicho mezani, anaiona ile bahasha, na juu yake mwandiko wake mwenyewe. Bahasha iliyotoka kwa genge inafanya nini kwenye meza ya polisi? Anaondoka kimya. Lau anarudi, anakuta kiti kitupu, anaelewa, na anafuta faili la Chan kwenye kompyuta.

Faili hilo ndilo kiini cha maafa yote. Filamu za aina hii hurudia mpango ule ule: kijana anachukuliwa chuoni mapema, kabla mtaa haujamwona na sare, anafukuzwa hadharani ili kufukuzwa kwake kuwe kweli, anapewa mkuu mmoja wa kuripoti kwake. Kadiri wanaomjua wanavyopungua ndivyo siri inavyokaa, na katika kituo chenye mzuka wa ndani hiyo ndiyo busara pekee. Ila busara hiyo ina upande wa pili. Waliomjua Chan walikuwa wawili, mkuu wa chuo na mkuu wa operesheni. Wa kwanza anafariki, wa pili anarushwa kutoka juu ya jengo. Kinachobaki kuthibitisha kwamba Chan ni polisi ni kumbukumbu ya kompyuta, na mwenye kuifungua ni adui yake.

Muda nao unaua. Chan anamlalamikia mkuu wake kwamba walikubaliana miaka 3, ikaja mingine 3, kisha mingine, na sasa inakaribia 10. Sababu yake ni ya kikazi kabisa: pandikizi anayepanda cheo anakuwa na thamani zaidi kila mwaka, hivyo kila mwaka kuna hoja nzuri ya kutomtoa. Hapo hapo kila mwaka anaongeza makosa aliyoyatenda ili aaminike, na wakili wa utetezi atayashika hayo kwanza kabisa. Tangu 2006 Hong Kong ina sheria inayotaka kibali cha maandishi kwa ufuatiliaji wa siri. Pandikizi anayevaa kinasa sauti kwenye mazungumzo anayoshiriki huidhinishiwa na afisa mwandamizi. Kunasa mazungumzo ya faragha bila mshiriki aliyekubali kunahitaji jaji. Na kibali hakizidi miezi 3 kabla ya kuombwa upya. Ukitazama filamu za zamani ukaona vinasa sauti vinabandikwa vifuani kama plasta, kumbuka zilitangulia sheria hiyo.

Wanaorudi salama nao wana filamu yao. Mwaka huo huo wa 2006 Herman Yau alitoa On the Edge, ambamo Nick Cheung anarudi kwenye sare baada ya kumkamatisha bosi wake. Wenzake wanamtazama kwa pembe, wa mtaani wanamwita msaliti, na mwili wake bado unatembea kigenge. Nadhani ndiyo filamu inayostahili kutazamwa zaidi baada ya Infernal Affairs, kwa kuwa inaonyesha miezi ambayo nyingine huikata.

Jina la Kikantoni la Infernal Affairs ni Mou Gaan Dou. Ni neno la Kibuddha linalogusa jehanamu ya chini kabisa, isiyo na mapumziko, ambamo anayeteswa haruhusiwi kufa. Kumbuka hilo unapolinganisha miisho ya hadithi hii, maana haifanani. Kwa watazamaji wa China bara ulitengenezwa mwisho mwingine, ambapo Lau anatoka kwenye lifti na kukamatwa. Mwaka 2006 Martin Scorsese alipoihamishia Boston kwa jina The Departed, iliyoshinda Oscar 4, mzuka wa ndani alipigwa risasi. Kwenye mwisho wa Hong Kong, Chan anauawa ndani ya lifti, na Lau anabaki hai na kitambulisho chake cha polisi. Miezi sita baadaye kumbukumbu za Chan zinapatikana, anafanyiwa mazishi ya heshima ya kipolisi, na mmoja wa wanaosimama kaburini wakimpigia saluti ni Lau.