Uadilifu ni nini, na unatofautianaje na maadili?

Sokoni Kibuye, Kisumu, mahindi hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Yapo makopo yaliyobonyezwa kitako hadi kikapanda kwa ndani. Ukitazama kwa juu yanafurika vizuri. Ukifika nyumbani, unga unaisha kabla ya siku ulizozoea. Muuzaji mwenye kopo zima, hata akiwa na ulimi mkali na hana muda wa kucheka na wateja, ndiye mwadilifu. Jirani yake anayekuita "mamangu" kwa sauti tamu huku kopo limebonyea ana adabu tu.

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Uadilifu ni kushika haki hasa pale ambapo kudhulumu ni rahisi na hakuna wa kukukamata. Shina lake la Kiarabu linahusu haki na usawa, kwa hiyo mwadilifu kwanza ni mtu wa haki. Upole na ucheshi ni ziada.

Maadili nayo ni zile kanuni zenyewe ambazo jamii au taaluma imekubaliana nazo. Twasema maadili ya uuguzi, au mmomonyoko wa maadili, lakini uadilifu ni wa muuguzi mwenyewe. Mmoja ni mwadilifu, wengi ni waadilifu, na kumfunza mtu mwenendo mwema ni kumwadilisha.

Wakenya wengi hulisikia neno hili kwenye siasa, kwa sababu Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inahusu uongozi na uadilifu. Ibara ya 76, kwa mfano, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla rasmi ni ya Jamhuri, isipokuwa sheria iwe imemruhusu abaki nayo. Basi gavana akikabidhiwa fahali jukwaani Bungoma, fahali si wake. Nani atamsindikiza hadi kwa mwenyewe, hilo ni suala jingine!

Usiuchanganye uadilifu pia na cheti cha maadili mema ambacho vijana hupigia foleni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, wakitafuta kazi. Cheti hicho husema tu kwamba polisi hawana rekodi ya uhalifu dhidi yako. Mwajiri anayetaka kujua zaidi hana budi kumtafuta mtu aliyewahi kukuachia funguo za duka.