Chini ya ardhi hakuna ziwa la mafuta

Wengi hudhani mafuta ghafi yametuama chini ya ardhi kama ziwa, na kazi ya mchimbaji ni kutoboa tu na kuyavuta. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya mwamba wenyewe, katika vitundu vidogo sana, kama maji ndani ya sifongo, ila sifongo hii ni jiwe gumu. Hata Ghawar, lile eneo kubwa la mafuta la Saudi Arabia, ni mawe ya chokaa yaliyolowa mafuta.

Wala hayatokani na dinosaria. Chanzo chake hasa ni viumbe wadogo mno wa majini waliozikwa kwenye tope lisilo na oksijeni. Tope likifukiwa kilomita kadhaa, joto la nyuzi 60 hadi 150 hivi huyapika mabaki hayo kwa mamilioni ya miaka. Likizidi, hutoka gesi. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, mafuta hupanda polepole hadi yazuiwe na mwamba usiopenyeka, mathalani tabaka la chumvi.

Kizuizi hicho ndicho wanajiolojia wanachokisaka. Hutuma mitetemo ardhini na kunasa mwangwi wake, wapate umbo la matabaka. Umbo zuri si mafuta bado: visima vingi vya utafiti hutoka vikavu.