Kwa nini tusi la "shoga" hukolea mtandaoni kuliko kijiweni?

Kaa kijiwe cha bajaji Mwanjelwa asubuhi ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa bado vidoleni. Akipita kijana mwenye mwendo wa madaha, watanong'ona, mmoja atacheka, kisha: "Kaka, Uyole?" Abiria ni abiria. Picha yake ikirushwa Facebook usiku, huenda walewale wakaandika apigwe, achomwe. Na hakuna anayejua kama kweli ni shoga. Mwendo tu umetosha kuwa ushahidi.

Sababu moja ni uso. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza jinsi mtu asiyeonekana, naye hamwoni anayemsema, anavyojiachia. Kijiweni ungeyaona machozi.

Nyingine, ambayo naiona nzito zaidi, ni mtambo wenyewe. Kuanzia 2017, Facebook ilipopanga posti ipi itangulie, alama ya hasira ilihesabiwa sawa na laiki tano. Mpaka 2020 ndipo ikashushwa hadi sifuri. Mwaka huohuo wa 2017, William Brady na wenzake walichapisha uchambuzi wa jumbe zaidi ya laki tano za Twitter, zikiwemo za ndoa za jinsia moja. Kila neno lenye hukumu ya maadili na hisia kali liliongeza kusambaa kwa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo anayeandika "laana" anasikika kuliko anayeandika "mwacheni".

Na huyo wa "mwacheni" ni nadra. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa Mwingereza, kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", kinafika kifungo cha maisha, na ukimtetea mtu swali la kwanza ni: "Kwani na wewe umo?" Watu wananyamaza, kelele za wachache zinaonekana ni Mbeya nzima.

Neno lenyewe limeonewa. Pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga yangu", kwa mapenzi kabisa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumnyanyasa mtu mtandaoni. Lakini aliyetukanwa hivi akifika kituoni, ataanza kueleza vipi alichotukaniwa, mbele ya askari anayekijua vizuri kifungu cha 154?